Kwa Miguu Kando ya Ghuba

Ziwa Victoria linatufikia Lagangabilili likiwa ndani ya gunia. Linakuja siku ya gulio kwa sura ya dagaa waliokauka na kuchanganyika na mchanga, na mama anayetaka kuwapika sharti awaoshe kwa maji matatu kabla hawajaingia kikaangoni. Maji matatu si mchezo kwa watu ambao, kiangazi kikikolea, huchimba mchanga wa mtoni kwa bakuli mpaka unyevu uonekane. Ndiyo maana wengi wetu tumekua tukijua kwamba ziwa lipo, basi. Kwenda kulitazama ilikuwa shughuli ya watu wenye nauli ya kuchezea.

Mkoa wa Simiyu una wilaya tano na, kwa sensa ya 2022, watu 2,140,497. Katika wilaya hizo ni Busega peke yake inayogusa ziwa. Busega ilimegwa kutoka Magu, Itilima yetu ikamegwa kutoka Bariadi, zote mwaka 2012 mkoa ulipoundwa. Tuna umri mmoja na mkuu wa mkoa mmoja, ila wao wanaamka maji yako mlangoni na sisi tunaamka na ndoo mkononi. Nilikwenda kwao mwezi Juni, pamba ikiwa imeanza kupimwa, nikafikia kwa shemeji yangu ambaye alimwoa dada yangu na kuhamia naye Lamadi. Nilitaka kutembea kwa miguu, tena bila mzigo: asubuhi kutoka, jioni kurudi.

Barabara ya Bariadi hadi Lamadi sasa ni lami, na lami humnyima msafiri hadithi, kwa hiyo nitaipita haraka. Dutwa, Ngasamo, mbuga nyeusi zenye dengu zilizopandwa mvua zikiaga, ng'ombe wanaovuka kwa wakati wao, vilima vya mawe yaliyobebana. Kwetu upepo wa Juni hukausha midomo mpaka ipasuke. Huku, ukishaviacha vilima nyuma, unakuja na unyevu, moshi wa kuni na shombo ya samaki.

Lamadi ni mji wa njia panda. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inakutana hapo na hii ya Bariadi, na mbele kidogo liko Lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Magari ya watalii yanasimama kununua mafuta na maji ya chupa, kisha yanaondoka kuwahi simba. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko mkono wao wa kushoto, karibu kabisa, na sikumwona hata mmoja aliyegeuza shingo. Siwalaumu. Hata shemeji yangu hakunielewa.

"Shemeji, huku chini kuna nini cha kutazama? Ni matope na matete. Ningekutafutia gari uende getini ukaone wanyama."

Nikamwambia wanyama kwetu si habari. Tembo wa Pori la Akiba la Maswa wanakuja wenyewe mashambani Itilima, wanakula mtama wetu na kuondoka, na hakuna aliyetulipa kiingilio.

Sehemu ya ziwa iliyo mbele ya Lamadi ni ghuba, na ramani zinaiita Speke. John Hanning Speke aliliona ziwa Agosti 1858 akiwa upande wa Mwanza, akageuza safari kurudi Tabora. Jina la ghuba lilipachikwa na Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, mwaka 1875. Yaani mwambao huu umepewa jina la mtu ambaye hakuwahi kuutembea, na wanaoutembea kila siku hawalitumii jina hilo. Wao husema tu "ziwani".

Kutoka barabara kuu hadi majini hakuna kibao kinachoelekeza, wala hakihitajiki. Ukitoka alfajiri, mfuate mwanamke yeyote mwenye beseni tupu kichwani. Yeye anakwenda mwaloni, na njia anayoijua ndiyo fupi kuliko zote. Mimi nilimfuata mmoja kwa mbali, kwa adabu, tukapita nyuma ya nyumba za wageni, ubavuni mwa mashine ya kusaga iliyokuwa bado imefungwa, mbele ya kijiwe cha bodaboda ambako vijana walikuwa wakipashia mikono moto wa maboksi. Baada ya hapo nyumba za matofali ya kuchoma zilianza kupungua na zile za tope na bati zikaongezeka, na kuku wakawa wengi kuliko watu.

Lamadi ni mchanganyiko. Kuna Wasukuma, Wajita, Wakerewe, Waluo, Wakurya, na wafanyabiashara kutoka kila pembe. Salamu ya njiani ni Kiswahili, "habari za asubuhi", na jibu linatolewa huku mtu akiendelea na safari yake. Kwetu Lagangabilili salamu ni kazi: mnasimama, mnaulizana ya nyumbani, ya mifugo, ya mvua, na anayekatisha anaonekana hana malezi. Nilipomkuta bibi mmoja akifagia uani nikajaribu ya kwetu.

"Mwangaluka, mayu."

Akainua mgongo, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu."

Lafudhi ilinichongea. "Huyu Mnyantuzu," akawaambia wajukuu zake. "Ng'ombe umewaacha na nani?"

Wajukuu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, kwa sababu sifa ya watu wa Bariadi na viunga vyake ndiyo hiyo: hatuaminiki tukionekana bila fimbo na mifugo. Bibi akaniambia nipite tu uani kwake, nisizunguke. Njia ilikuwa ikipita hapo hapo, kati ya jiko na banda la mbuzi, imekanyagwa na kung'aa, na hakuna aliyeona ajabu mgeni kupita mita mbili kutoka kwenye sufuria yao ya uji. Unapiga hodi, unaitikiwa, unapita.

Nyumba nyingi za upande ule bado zina uzio wa minyaa, kama kwetu. Minyaa ni uzio wa kistaarabu. Unamzuia ng'ombe, unamficha mama anayeoga, na kila baada ya hatua kadhaa una mwanya wa mtu kupenya. Lakini mbele kidogo ya kwa bibi, njia yetu ilikwenda kugonga ukuta. Ukuta mpya wa tofali za saruji, juu umepandwa vipande vya chupa. Nilisimama kuutazama. Ungeweza kuiona njia ya zamani ikiingia chini ya msingi wake, ngumu na nyeupe, na kupitia upenyo wa geti nikaiona ikitokea upande wa pili, katikati ya mahindi yaliyovunwa, ikielekea ziwani bila mtu. Nje, watu walikuwa wameshachonga njia nyingine kuuzunguka ukuta. Ilikuwa na kona mbili kali na dimbwi la maji machafu katikati, na wanawake wenye mabeseni walikuwa wakilivuka wakitafuta mawe ya kukanyaga.

Sikumwona mwenye ukuta, na sina neno naye. Kiwanja kimepimwa, ana hati, amejenga. Anayetoa hati hakuulizwa njia ilikuwa ikienda wapi, na njia haina hati.

Mwaloni nilikuta mitumbwi ya dagaa ndiyo inafika. Yalikuwa majira ya giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika au hushona nyavu. Zamani taa zilikuwa karabai, zenye moshi na mlio wake. Sasa ni balbu za sola zilizofungwa kwenye maboya, na usiku uliotangulia nilikuwa nimeziona kutoka kilimani, mstari mrefu wa taa juu ya maji, nikadhani ni mji wa ng'ambo. Ng'ambo yenyewe ni upande wa Kibara na Kisorya, ambako kivuko huvusha watu kwenda Ukerewe.

Mtumbwi unapogusa mchanga, wanawake wanaingia majini hadi magotini. Bei inakatwa hapo hapo, kwa ndoo, kwa sauti ambayo mgeni angedhani ni ugomvi. Kisha ndoo zinapanda na kazi ya kuanika inaanza. Nilikaa kando ya mama mmoja nikamtazama. Anachota viganja viwili, anavirusha chini kwa mzunguko wa kiuno, na dagaa wanatua wakiwa wametawanyika, karibu kila mmoja na nafasi yake. Hakuna anayewapanga. Wakiwa wabichi wanang'aa fedha tupu, na jicho lao ni kubwa kuliko unavyotarajia kwa kiumbe kidogo namna ile. Jua likipanda, ung'avu unaondoka kuanzia mkiani. Mtoto mwenye kijiti anakaa kando kufukuza kunguru na yangeyange, na mara moja moja naye anajitupia dagaa mmoja mdomoni.

Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na chanja: nguzo za miti, juu yake wavu uliotandazwa usawa wa kiuno, na dagaa wakikauka bila kugusa mchanga hata chembe. Nikamwuliza mama kwa nini wa kwake anawaanika chini.

"Hawa na wale si bei moja," alisema. "Wa chanja wanakwenda mbali, kwa wenye pesa. Wewe umetokea wapi?"

"Itilima. Lagangabilili."

"Basi hawa ndio wanaokuja kwenu."

Alisema bila ubaya wowote. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiosha mchanga kwa maji matatu tukidhani ni tabia ya ziwa, kumbe ni tabia ya bei. Nikamwambia kwetu maji ya kuosha ni ghali kuliko tofauti ya bei yenyewe, na kwamba akileta wa chanja Lagangabilili atapata wateja. Akaniuliza kama nina duka. Sina duka. Mazungumzo yakaishia hapo, lakini nayaweka hapa kwa yeyote mwenye mtaji.

Chakula cha mchana nilikula kwa mama ntilie aliyetundika turubai kwenye mti. Sato wa chukuchuku, amechemshwa kwa chumvi, nyanya na ndimu tu, na ugali wa udaga uliovutika. Kwetu mboga ni nsansa zilizoungwa kwa karanga, au mlenda, na samaki mbichi ni jambo la sherehe. Pale wavuvi walikuwa wakimlalamikia mama kwamba leo tena samaki, hana hata maharage? Sangara hakuwapo sufuriani. Huyo, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kuwamaliza furu wa aina nyingi, ananunuliwa kwa ajili ya viwanda, na bondo lake linapewa thamani kuliko minofu kwa kuwa linatafutwa hadi China. Mvuvi mmoja alinionyesha la kwake, jeupe, limelowa, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa mfuko wa ndani wa koti, pamoja na simu.

Matembezi ya upande wa kaskazini, kuelekea maeneo ambako Mto Mbalageti unaingia ghubani, yanataka mwenyeji. Nilimpata kijana mvuvi ambaye hakuwa na giza la kuvua kwa sababu mtumbwi wao ulikuwa ukizibwa. Tulipatana, lakini alikataa katakata kuondoka kabla jua halijachomoza vizuri. Viboko hukesha wakila nchi kavu na hurudi majini alfajiri, na hakuna anayetaka kukutana na kiboko anayerudi nyumbani.

Ni tambarare tupu, mzee au mtoto anaweza kuitembea. Upande mmoja una majaruba ya mpunga yaliyovunwa, mabua yamelala. Upande mwingine ni ukuta wa matete, na penye maji mengi zaidi yanaanza mafunjo yenye vichwa vyake vya nywele. Katikati kuna kijinjia cha udongo mweusi unaonepa chini ya kiatu. Korongo taji wawili walikuwa wakitembea jarubani kwa maringo, wakiokota punje. Fundichuma alikuwa kwenye tuta, amesimama juu ya miguu yake mifupi akisubiri vyura. Mdiria mweusi na mweupe alijitundika hewani palepale, akapiga mbawa, akaanguka majini kama jiwe, akatoka na kitu mdomoni. Mnandi walikuwa juu ya miti iliyokufa, mabawa wazi.

Tulifika mahali njia ilipogawanyika, nami nikashika ile pana. Kijana akanivuta mkono.

"Hiyo siyo yetu, kaka. Tazama chini."

Njia ya mtu ina mfereji mmoja, kwa sababu tunapeleka mguu mbele ya mguu. Njia ya kiboko ina mifereji miwili inayokwenda sambamba, na katikati linabaki tuta la majani ambalo halikanyagwi, maana miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachanishwa na tumbo. Aliniambia nichutame nilione. Majani ya tuta yalikuwa yamelala upande mmoja, yamepakwa matope kwa juu, pale tumbo lilipopitia. Matope yalikuwa bado mabichi. Tukashika njia yetu, ile nyembamba.

Mbele tuliwakuta wakata matete. Matete hapa ni uzio, ni dari, ni mkeka, ni chanja ya kuanikia vyombo. Mmoja alikuwa na kamongo ndani ya ndoo, mnene kama mkono, akipumua hewa kwa mlio wa kufyonza. Kamongo hujichimbia kwenye tope na kusubiri mvua, na wakata matete humpata kwa kuhisi tope kwa miguu. Miguu mitupu, ndani ya maji yaliyotulia, kati ya majani: hapo ndipo konokono wa kichocho hukaa. Wanajua. Wamepewa dawa mara nyingi, na wamerudi majini mara nyingi zaidi, kwa kuwa kazi ndiyo hiyo. Msafiri ambaye si kazi yake asivue viatu.

Kadiri tulivyokwenda, matete yalianza kuwa na mapengo. Pengo la kwanza lilikuwa bustani ya nyanya. La pili vitunguu. La tatu mashine ndogo ya kuvuta maji ilikuwa ikiunguruma juu ya jiwe, na mipira imelala hadi majini kupitia mfereji uliochimbwa kwenye matete. Mwenye bustani alikuwa mtu mkarimu, alitupa nyanya tukazila hapo hapo kwa chumvi. Nikamwuliza, kwa namna ya kumtania, kama hajaisikia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa.

"Nimeisikia," akasema. "Ila waniambie mita 60 kuanzia wapi. Ziwa la mwaka gani?"

Hilo ni swali ambalo hata mwanasheria angelilalia usiku mzima. Mvua za 1961 na 1962 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, kilele kikawa 1964. Likateremka pole pole miaka iliyofuata, na mwaka 2006 lilikuwa chini kiasi kwamba watu walilima mahali ambapo baba zao walitega nyavu. Mei 2020 likarudi hadi pale pa 1964, na Mei 2024 likapapita. Bustani ya huyu bwana ilikuwa ziwa miaka michache iliyopita. Alinionyesha mti wenye alama ya maji juu ya bega langu. Mpaka wake unatembea, na yeye anatembea nao. Matete peke yake ndiyo yanayojua kuishi pande zote mbili za mstari huo: maji yakipanda yanapunguza nguvu ya mawimbi, mto ukileta tope yanalizuia, na vifaranga wa sato wanajificha humo mpaka wakue. Ukiyafyeka, ziwa likirudi halikuti kitu cha kulipokea isipokuwa nyanya.

Tulipumzika kwa mzee mmoja mvuvi wa zamani, mwenye macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho. Alinihadithia ningu, ambao mvua kubwa zikianza walikuwa wakiingia mitoni kwa makundi kwenda kutaga, wakipanda na maji ya mafuriko hadi mbali bara. Nyavu zilizotandwa kwenye milango ya mito ziliwamaliza. Nikamwambia baba zetu upande wa Itilima walikuwa wakiokota kambale kwenye mbuga baada ya mafuriko, na kwamba vijito vya kwetu vinaishia Mto Simiyu, ambao nao unamwaga ghuba hii hii kwa upande wa Magu. Akafurahi sana. "Basi walikuwa wetu wanakuja kuwasalimu," akasema.

Kuna mkataba wa kulinda ardhioevu kama hii, wa Ramsar. Tanzania iliuingia mwaka 2000, na ina maeneo manne yaliyoorodheshwa: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja kando ya Ziwa Victoria, ingawa karibu nusu ya ziwa ni yetu. Waganda wameorodhesha Mabamba, karibu na Entebbe, na wavuvi wa pale hupeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama korongo-nyangumi. Wakenya, huko Dunga nje ya Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam, wameweka njia ya mbao katikati ya mafunjo, mgeni anatembea juu ya maji bila kulowa. Sidai tujenge ya mbao. Njia tunayo tayari, ya udongo, iliyotengenezwa na miguu ya watu bila gharama yoyote kwa Serikali.

Wanyama nao wana njia yao, na hiyo imepata mtetezi. Upande wa Bunda, kata ya Nyatwali, Serikali iliamua kuwalipa wakazi fidia wahame ili wanyama wa Serengeti wafike ziwani bila kupita uani kwa mtu. Mjadala wa fidia hiyo tuuachie wenye nao. Nilichokiona mimi ni kwamba nyumbu amechorewa njia ya kwenda kunywa maji, ilhali mama mwenye beseni pale Lamadi anazunguka ukuta.

Siku ya kwenda Nassa, kusini, nilitembea peke yangu nusu ya njia. Ni nchi ya mawe na viazi, kavu zaidi, na ghuba unaiona chini muda wote. Wamisionari wa Church Missionary Society walifungua kituo hapo mwaka 1888, wakakikabidhi kwa African Inland Mission mwaka 1909, na mtu unayekutana naye njiani ana uwezekano mkubwa wa kukuuliza kanisa lako kabla ya jina lako. Juu ya mawe walikuwa wameanika michembe, vipande vyeupe vimelala kwenye jua jiwe baada ya jiwe. Mama mmoja alinipa matobolwa na karanga za kuchemsha, nikala nikitembea. Hapo sikuhisi ugeni wowote. Kiangazi kinatulisha kitu kimoja, mwenye ziwa na asiye na ziwa.

Njiani kurudi nilikuta mtaro wa bomba. Mradi wa Simiyu wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, unaogharamiwa na Serikali, Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na Ujerumani kupitia benki ya KfW, unakusudia kuyatoa maji ghubani na kuyafikisha Busega, Bariadi na Itilima katika awamu ya kwanza, kisha Maswa na Meatu. Bomba linapopita watu wanapisha, na ni haki, maana kila mtu anaelewa bomba ni nini. Siku yakifika Lagangabilili tutawaosha dagaa kwa maji ya ziwa walilovuliwa. Lakini maji yale yatavutwa kutoka ghuba ambayo matete yake yanafyekwa, na sisi wanywaji wa huku juu hatutayaona yakifyekwa kwa sababu hatuna mazoea ya kushuka kuyatazama.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu wa pande mbili. Wa Itilima, Bariadi, Maswa na Meatu: shukeni Busega wakati wa kiangazi, mtembee mwambao huo kwa siku chache, mkiwa na viatu vilivyofunika miguu na mwenyeji anayejua njia za viboko. Hamtahitaji gari wala tiketi, na mkipiga hodi mtaitikiwa. Na ninyi mnaopima viwanja Lamadi, Kalemela na Nyashimo, pamoja na kamati za ardhi za vijiji vinavyogusa maji: kabla hamjapigilia bikoni, ufuateni kwanza asubuhi msafara wa wanawake kuelekea mwaloni, na njia yao muichore kwenye ramani kama mnavyochora barabara. Upana wa watu wawili wenye mabeseni kupishana unatosha.